Asali ya Mti Uliofungwa Fundo

Mwavita mwanangu,

Kabla hujafunga zipu ya begi lako, ujue kwamba maneno haya yameandikwa na mutu ambaye bila yeye shule yetu ya msingi ingekuwa leo shamba la mihogo. Sijisifu. Uliza mutu yeyote hapa Kabambare. Upepo ulipong'oa mabati ya darasa la tatu, nani alisimama katikati ya uwanja akaonyesha watu kwa kidole mahali yalipoangukia? Mimi. Inspekta alipotoka Kasongo na pikipiki yake ikazama kwenye matope hadi usukani, nani alimpa moyo kutoka ng'ambo ya dimbwi wakati wengine wanasukuma? Ni mimi, Amisi, makamu wa rais wa komite ya wazazi, na rais mwenyewe kila mara rais anaposhikwa na malaria. Na rais wetu, Mungu amsaidie, hana afya hata kidogo.

Basi mutu wa namna hiyo akiketi kuandika, si jambo dogo. Uko kwa jirani unasukwa nywele za safari. Mvua imeanza kunyesha juu ya bati, ile mvua ya mchana isiyo na haraka, na mji wote umepotea ndani ya ukungu kama mutu aliyejifunika shuka. Kutoka mlangoni naona nusu ya shule tu. Nusu nyingine imekwenda na mvua. Mama Zena anapepeta mchele wako wa njiani, na kila akirusha ungo ananitupia jicho.

"Unaandika nini wewe? Katiba?"

"Namuandikia mutoto."

"Muandikie jambo moja la kweli basi, tuone kama hiyo kalamu ya biki itakubali."

Ndiyo maneno ya mwanamke niliyemuoa. Lakini amenichoma, kwa sababu yeye anajua ninataka kuandika nini. Ameshajua tangu siku nyingi. Mambo ya sabuni, ya unga, ya kutolala karibu na dirisha, ya kutokopesha shati lako jeupe, yote hayo amekuambia na atakuambia tena kesho mpaka pikipiki iondoke. Mimi siyagusi. Mimi nina jambo moja, na liko ndani ya begi lako.

Ni ile kaye yangu, lile daftari la jalada la buluu. "Mila za Batwa, Kama Nilivyoziona kwa Macho Yangu." Wiki mbili zilizopita uliniomba kwa adabu, mikono miwili: "Baba, niachie kaye yako. Kule Kasongo watatutaka tuandae somo juu ya wenyeji wa kwanza wa pori. Wenzangu watasoma vitabu, mimi nitakuwa na mutu aliyekaa nao mwaka mzima." Nikakupa. Nilikupa nikiwa nimevimba kama chura. Ukaifunga ndani ya kitenge chako kizuri, katikati ya nguo, mahali watu wanapoweka vitu visivyotakiwa kulowana.

Leo asubuhi ulipotoka, nimeitoa. Usishtuke ukiikosa, nitairudisha. Ninaandika humuhumu, kwenye kurasa zilizobaki nyuma.

Wacha nianze na asali, kwa sababu kila kitu kilianza na asali.

Mwaka ule uliozaliwa wewe, mimi sikuwa nyumbani. Hadithi unaijua: Baba Amisi aliingia pori, akakutana na Batwa, wakampenda kwa akili zake, wakamfundisha siri zote, akakaa nao mwaka mmoja akila nyama ya nguruwe pori na kulala juu ya majani. Umeisikia mara ngapi? Umeilalia kichwani kama mto. Sasa sikia nyingine. Mwaka ule nilikuwa Salamabila. Nilikwenda kutafuta dhahabu, kama kila mutu mwenye miguu miwili. Niliaga hapa kwa kelele, nikawaambia watu wafagie njia, nitarudi na gari. Kule nikabeba mchanga. Mchanga wa watu, Mwavita. Mgongoni, kutoka shimoni hadi mtoni, mwaka mzima, na dhahabu nilikuwa naiona tu kwenye viganja vya wengine, ndogo kama tongo la jicho la asubuhi. Ile dhahabu ninayosemaga, yenye ukubwa wa kiazi, niliyoitupa mtoni kwa hasira, haikuweko. Hata mto wenyewe haukuwa na kina cha kutupia kiazi.

Kisha mutu akaja na habari: "Amisi, ndugu yako, mke wake amezaa, mutoto wa kike." Ndugu yangu, yaani baba yako, ambaye hukumjua sana. Nikaamka nikatoka bila kuaga mutu. Sikuwa na kitu cha kubeba isipokuwa kiberiti na shati nililovaa. Nikaona haya kupita barabara kubwa, nisikutane na watu wanaonijua. Nikasema nitakata kupitia pori. Nilikuwa nimeamini kwamba pori linaniheshimu.

Pori halikunijua hata jina.

Siku ya kwanza nilitembea. Siku ya pili nilitembea nikakuta alama za miguu, nikafurahi, nikazifuata, kumbe ni zangu. Ule msitu ulikuwa na mwanga wa kijani, kama kukaa ndani ya chupa. Majani yanadondosha maji ya mvua ya jana. Nilikuwa nasikia watu wanaongea, nikiita, ni ndege. Nilianza kumuona mama yangu marehemu anapita kati ya miti na kuni kichwani, hanitazami, ana haraka zake. Njaa ilikuwa imenifanya mwepesi, hata sikuogopa tena. Nilikuwa naelea tu. Kisha nikausikia mti unaimba.

Ilikuwa nyuki. Mti mkubwa, shimo lake si juu sana, na kiunoni mwake umefungwa kamba ya pori, fundo moja zuri, safi, limekazwa na mikono inayojua kufunga. Nililiona lile fundo. Nataka uandike hilo moyoni: nililiona. Nikasimama mbele yake kama mutu aliyesimama mbele ya mlango uliofungwa. Halafu njaa ikaniambia ni mlango wa mashetani, na mashetani hawali asali, basi ni halali yako. Nikawasha majani mabichi, nikavuta moshi, nikapanda. Nikala. Nikala mpaka meno yakaniuma. Nyuki nao wakala mdomo wangu, mdomo ukafura hadi puani. Nilishuka kwa kuanguka.

Nikiwa pale chini, nimelowa asali, sioni kwa jicho moja, ndipo mwanamke mmoja akasimama mbele yangu na kikapu. Mufupi, mwenye macho ya kucheka. Ndiyo siku niliyokutana na Bibi Nyota. Wakati ule hakuwa bibi kwangu, alikuwa mama tu. Akaangalia mti. Akaangalia fundo. Akaniangalia mimi.

"Uliiona hii?"

Nikatikisa kichwa kusema ndiyo, kwa sababu mdomo haukuweza kudanganya siku hiyo.

"Ukafikiri ni nini?"

Nikafanya hivi na mikono, pembe kichwani, shetani. Akacheka mpaka akaweka kikapu chini. Kisha akaniambia, taratibu kama anayeongea na mutoto: kwao, mutu akikuta nyuki, anafunga mti. Mti uliofungwa una mwenyewe, hata mwenyewe akikaa mwezi bila kurudi. Mwingine anapita, hata akiwa na njaa. Anakwenda kambini kuomba, na anapewa. "Ungekuja ukaomba," akasema. "Kambi iko hapa karibu. Hukusikia moshi wetu? Huu mti niliufungia binti yangu. Amezaa juzi."

Wakanipa mihogo na maji. Mdomo wangu ulikaa siku mbili bila kusema neno, na Mama Zena akisikia hilo husema zile ndizo siku mbili nzuri alizokosa katika ndoa yake. Kibandani nilimuona yule binti na kichanga chake kifuani, mutoto wa kike mwekundu kama udongo mpya. Alikuwa na uso wa mutu aliyechoka anayesubiri kitu kitamu ambacho hakitakuja. Nilijua hakitakuja kwa sababu gani. Kilikuwa bado kinanata kwenye vidole vyangu.

Siku ya tatu Bibi Nyota akanitoa hadi barabarani. Wakati wa kuachana akauliza nakwenda wapi na haraka hii. Mdomo ulikuwa umeanza kufunguka. Nikasema: ndugu yangu amezaa. Akafungua kikapu chake, akanipa asali kidogo kwenye jani, imefungwa, ya mti mwingine. "Mupelekee mama ya mutoto."

Hicho ndicho kitu pekee nilichorudi nacho mwaka ule. Mama yako aliilamba yote, na wewe ukaipata kupitia maziwa yake. Watu wakanizunguka: "Amisi, gari iko wapi?" Nikaangalia lile jani mkononi mwa mama yako, nikasema: "Gari ya nini? Mimi sikuwa Salamabila. Nilikaa na Batwa. Hii asali nimeipandia mti mwenyewe." Ilikuwa rahisi vile. Neno moja, na mchanga wote nikautua kutoka mgongoni.

Na kuanzia siku ile sikuweza kuushusha ule mwaka. Kila mutu aliyeuliza nilimpa kidogo. Nikaongeza nguruwe pori. Nikaongeza ngoma. Baba yako alipofariki, na mama yako akarudi kwao kisha naye akafariki, wewe ukaja kulala kwenye mkeka wangu, na ukitaka kulia nilikuwa nakupa hadithi ya Batwa. Ulikuwa unanyamaza. Sasa niambie, mutu anaacha namna gani uongo unaonyamazisha mutoto?

Sasa nakuja kwa Feza, na hapa mvua inapiga bati kwa nguvu kidogo, vizuri, Mama Zena hatanisikia nikikohoa.

Ulikuwa darasa la nne. Mwaka ule ndipo watoto wa kambi ya Bibi Nyota walianza kuja shuleni, wawili, watatu. Feza alikaa benchi moja na wewe. Nilipomuona mara ya kwanza nilijua ni nani: kile kichanga. Mlikuwa kama pua na mdomo, huwezi kumuona mmoja bila mwingine. Ni yeye aliyekuonyesha njia ya kambini, na tulikuwaga tunakwenda, na chumvi na sabuni, tunarudi na uyoga, nyinyi wawili mbele mnaimba, mimi nyuma na panga.

Na unakumbuka Habari za Shule. Kila Ijumaa direkta anatoa karatasi kubwa, darasa linaandika mambo ya wiki, inabandikwa mlangoni kwake, na siku ya wazazi inasomwa kwa sauti. "Mbuzi wa komite ameingia darasa la pili akala ramani ya Afrika, Congo imebaki." "Darasa la tano limevuna karanga, zimepungua kabla ya kupimwa." Watu walikuwa wanatoka mbali kusikiliza. Na wewe ndiye uliyekuwa mwandishi, kwa sababu herufi zako zilikuwa zimesimama kama wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi.

Direkta akasema muhula ule watoto wajifunze mila za wenyeji wa kwanza wa pori, kwa kuwa sasa tunao wenzetu darasani. Akataka kumtuma mutu akamuite Bibi Nyota. Mimi nikasimama kwenye mkutano. "Bibi wa nini, kutembea kote kule? Mnaye hapa mutu aliyekaa nao mwaka mzima." Wakapiga makofi. Direkta akanipa chaki.

Sijawahi kushika kitu kizuri kama ile chaki. Niliacha shule darasa la tano, unajua. Nilisimama mbele ya tablo, ule ubao mweusi, nikachora mti, nikachora fundo. Nikasema: "Watoto, mukikuta mti umefungwa hivi, kimbieni. Batwa wamefungia humo shetani. Ukila asali yake, tumbo linafura mpaka linapasuka." Kwa nini niliwaambia hivyo? Kwa sababu miaka yote nilikuwa nimemwambia mutu mmoja tu, nafsi yangu, kwamba ule mti ulikuwa wa shetani. Nilitaka wengine wakubali, ili isiwe mimi niliyekula asali ya mzazi.

Feza akainua mkono. Alikuwa anainua mkono mzima hadi begani, kama mutu anayeita gari.

"Hapana, baba. Ile fundo haina shetani. Inasemaga tu: asali hii iko na mwenyewe. Bibi wangu ndiye anaifunga."

Darasa likanyamaza. Na mimi, Mwavita, nilikuwa na njia mbili. Nilikuwa na nafasi ya kusema "njoo mbele, utufundishe." Maneno matatu. Badala yake nikacheka, lile cheko langu la mkutano, nikasema: "Muangalieni! Mutwa anafundishwa Utwa wake bure, na bado anabisha!"

Watoto wakacheka. Wote, isipokuwa yeye na wewe. Wewe ulishika biki yako, ukamuangalia yeye, ukaangalia tablo, ukaandika yaliyokuwa kwenye tablo. Usijilaumu hata kidogo. Tablo ilikuwa baba yako.

Siku ya wazazi ulisoma wewe. Kitenge kipya, sauti safi. Ulisoma habari ya mti wa shetani mbele ya mji wote. Na nyuma kabisa, karibu na ukuta, alikuwa amesimama Bibi Nyota. Alikuwa amekuja kumsikiliza mjukuu wake anasoma shule, ameleta asali ya kuwapa waalimu, kwenye jani. Alisikiliza mpaka mwisho. Watu walipopiga makofi akanijia, polepole, akaniambia sikioni, bila hasira:

"Amisi. Ulikula asali ya mama yake. Sasa unakula na masomo yake?"

Nikajibu kwa sauti kubwa ili watu wasikie: "Karibu, mama, karibu sana! Asante kwa kuja!" Kama vile alikuwa amenisalimia.

Jumatatu benchi lenu lilikuwa na mutu mmoja. Ulirudi nyumbani ukauliza: "Baba, Feza iko wapi?" Nikasema wamehama. Ukauliza wamehamia wapi. Nikasema mbali, ng'ambo ya mito, njia yenyewe imeangukiwa na miti. Ukalia. Nikakuambia: "Ndivyo walivyo, mwanangu. Batwa hawapendi shule." Na ili lisionekane ni neno la kutuliza mutoto tu, nikaliandika kwenye kaye. Ukurasa wa kumi na mbili, mstari wa juu. Nenda ukaone. Nimelipigia hata mstari chini.

Hawakuhama hata hatua moja.

Miaka tisa. Mutu unaweza kukaa ndani ya uongo muda mrefu hivyo, unaota kuvu ya kijani kama jiwe la mtoni, unafikiri ni ngozi yako. Mara nyingine nikilala mchana, hasa siku za mvua kama leo, naota niko tena kwenye ule mwanga wa kijani. Mti unaimba. Fundo liko palepale. Na mimi siwezi kula wala kuondoka. Nasimama tu, na nyuma yangu nasikia watoto darasani wanasoma kwa pamoja, lakini sisikii wanasoma nini.

Wiki iliyopita sokoni nilikuwa nachagua samaki wakavu. Mutu akanigusa mkono. Mwanamke kijana, mutoto mgongoni. "Baba Amisi." Sikumtambua mpaka alipocheka kwa macho.

"Mwavita iko?"

Na mimi, mbele ya samaki, mbele ya Mungu, nikasema: "Alishaenda Kasongo. Kusomea ualimu." Ulikuwa nyumbani unaosha vyombo, Mwavita. Nilikuwa nimekuacha saa ileile.

Akafurahi. Alifurahi kabisa, kama habari ilikuwa yake. Akasema: "Mwalimu! Mumusalimie. Mumuambie huyu wa mgongoni ninamuita jina lake." Akageuka kidogo ili niione Mwavita nyingine, imelala, mdomo wazi. "Akikua nitamuleta pale shule." Kisha akaniangalia, wala si kwa ubaya. "Na nyinyi, baba, mungali munafundisha?"

"Siku hizi hapana."

"Basi nitamuleta."

Nilirudi nyumbani bila samaki. Mama Zena akaniuliza nimeibiwa na nani, nikamwambia yote, hapo kwenye jiko. Hakunigombeza. Alisema tu: "Na mutoto anapakia ile kaye." Leo nilipoitoa nilitaka kuitia motoni. Akanishika mkono. "Ukiichoma utaandika nyingine. Nakujua. Iache, uandike nyuma yake." Basi ndiyo hii. Mbele mna uongo wangu wa miaka kumi na tisa, kwa herufi nzuri, na michoro. Nyuma mna hii. Utapeleka vyote viwili Kasongo ukitaka, au usipeleke kitu. Lakini usisimame mbele ya watoto wa watu ukasome ukurasa wa kumi na mbili. Nakuomba hilo, na sijawahi kukuomba kitu.

Sina mengi ya kukufundisha juu ya ualimu, nilishika chaki asubuhi moja tu. Ninachokijua ni kile kimya kilichokuja Feza alipoinua mkono. Kilikuwa kifupi, kama pumzi. Nadhani kila mwalimu anakipata kile kimya, pengine kila siku, na humo ndani mutoto anakuwa ameshika kitu mkononi anakuletea. Mimi niliogopa kukiona. Wewe huna sababu ya kuogopa. Hukula asali ya mutu.

Kesho ni hivi. Nimeongea na mutu wa pikipiki. Ataanza mapema kidogo, na akishavuka daraja la magogo atasimama atusubiri. Ndiyo, atusubiri, kwa sababu nami nitapanda, nyuma ya begi. Njia ya kambini inaanzia pale. Nimefunga chumvi na sabuni, na kitenge kwa ajili ya Mwavita mdogo. Wewe na Feza mtaongea yenu, kisha utarudi kwenye pikipiki uendelee Kasongo; mimi nitabaki. Mimi nitamtafuta Bibi Nyota. Nitakwenda kumwambia mbele ya watu wake, kwa sauti ileile niliyomkaribishia shuleni, kwamba fundo lile nililiona. Halafu nitamuomba, kama anaweza kutembea, aje siku ya wazazi awafundishe watoto mwenyewe, na habari ya mlangoni iandikwe upya. Akikataa, nitakuwa nimeomba. Alishaniambia, zamani, kwamba ningeomba ningepewa.

Mvua imepungua. Nusu ya pili ya shule imerudi. Nasikia sauti yako kwa jirani, unalalamika unavutwa nywele, na karatasi imebaki mistari michache. Kuna kitu kimoja kidogo nilitaka kukiacha. Mama Zena amesoma juu ya bega langu na kusema: "Andika na hicho."

Unakumbuka tulivyokuwa tunakwenda kambini, nyinyi mbele, mimi nyuma? Nilikuwa nawaambia: "Tangulieni, chui hushika wa nyuma, wacha mwanaume akae nyuma." Uliniambia siku moja kwamba ulikuwa huogopi chochote kwa sababu ulisikia hatua zangu nyuma yako.

Mwavita, siijui njia. Sikuijua hata siku moja. Nilikuwa nafuata visigino vyako. Kesho utangulie tena, na kabla hujaondoka muombe Feza anirudishe hadi daraja la magogo. Muombe wewe, mimi nitaona haya.

Baba yako,
Amisi